Kutafuta Kosa katika Kurasa za Kumbukumbu ni Somo la Sayansi

Somo la kompyuta katika shule nyingi za sekondari limekuwa somo la kutumia. Mwanafunzi hufundishwa kuwasha mashine, kuandika barua, kupanga hesabu katika jedwali, na kuzima mashine. Mambo hayo yana faida yake, wala hapana sababu ya kuyadharau. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa hayo peke yake ni kama abiria aliyezoea kupanda basi: aweza kusafiri mbali, bali siku gari liharibikapo njiani hukaa kivulini akamngoja mwingine. Hoja ya makala haya ni kwamba njia iliyo bora ya kumtoa mwanafunzi katika hali hiyo ni kumpa kosa alitafute. Na kwamba kosa lifaalo kwa kazi hiyo lapatikana katika kompyuta ndogo ya nyumbani ya biti 8, katika jambo moja mahsusi, yaani ugeuzaji wa kurasa za kumbukumbu kwa lugha ya asembli.

Pendekezo hilo laweza kuonekana la ajabu. Kwa nini kijana wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, ashughulike na mashine iliyotengenezwa Ulaya miaka 40 iliyopita, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu, hali simu ya kawaida yenye gigabaiti 4 huizidi mashine hiyo kwa kumbukumbu mara 32,768? Jibu ni kwamba udogo wenyewe ndio faida. Simu ya leo haiwezi kueleweka yote na mtu mmoja. Mashine ya biti 8 yaeleweka yote, kuanzia agizo la kwanza hadi la mwisho, na kwa hiyo kosa lililomo ndani yake haliwezi kusingiziwa mambo yasiyojulikana.

Madaftari manane na meza moja

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, hulima kahawa na kuipeleka katika vyama vyao vya msingi vya ushirika. Na afikiriwe karani wa chama kimoja cha namna hiyo, katika zama za kalamu na wino. Ana madaftari manane kabatini, yenye namba kuanzia 0 hadi 7, moja kwa kila kitongoji. Kila daftari lina mistari iliyotiwa namba, na kila mstari ni wa mkulima mmoja. Meza yake ni ndogo, nayo yatosha kufungulia daftari moja tu kwa wakati mmoja.

Karani akiambiwa, “Andika kilo 60 katika mstari wa 412,” agizo hilo halijitoshelezi. Mstari wa 412 umo katika kila daftari. Mkono wake utaandika katika daftari lililo wazi, liwe ndilo lililokusudiwa au lisiwe. Likiwa silo, madhara huwa mawili kwa pamoja: mkulima mmoja amepotezewa kilo zake, na mwingine amefutiwa zilizo zake na kuandikiwa zisizo zake. Tena kosa hilo halipigi kelele. Kalamu imeandika vizuri, hesabu imejumlishwa sawasawa, na karani ameridhika. Litagunduliwa siku ya malipo, wiki nyingi baadaye, na mtu ambaye hakuwapo lilipotendeka.

Iongezwe taabu nyingine. Kila baada ya muda kengele hulia mizanini, na karani hana budi kuacha kazi aliyo nayo, afungue daftari namba 4, aandike uzito wa gunia lililofika, kisha airudie kazi yake ya awali. Ili asisahau ni daftari gani lililokuwa mezani, ameandika namba yake katika kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani. Akirudi hukitazama kipande kile, akafungua daftari lililotajwa. Mambo yatakwenda vizuri maadamu karatasi ile inasema kweli. Siku itakaposema uongo, hata kwa dakika moja, karani mwaminifu kabisa ataharibu hesabu za watu.

Mfano huo wa karani haupambi mazungumzo tu. Ndivyo ifanyavyo kazi, karibu hatua kwa hatua, kompyuta inayozungumzwa hapa.

Mashine yenyewe

ZX Spectrum 128 ilitolewa na kampuni ya Uingereza iitwayo Sinclair Research. Ilianza kuuzwa Hispania mwaka 1985, kisha Uingereza mwaka 1986. Ilikuwa kompyuta ya nyumbani, ya kuunganishwa na televisheni na kinasa sauti cha kaseti. Moyo wake ni prosesa ya Z80, iliyotolewa na kampuni ya Zilog ya Marekani mwaka 1976. Prosesa hiyo ina nyaya 16 za anwani. Kila waya huwa na hali mbili, 0 au 1. Kwa hiyo idadi ya anwani inazoweza kuzitaja ni 2 kwa kipeo cha 16, yaani 65,536, wala haizidi hata moja.

Lakini mashine ina kumbukumbu ya kuandikia, RAM, ya baiti 131,072, mbali na ile ya kudumu isiyoandikika, ROM, ya baiti 32,768. Yote hayo hayawezi kuingia katika anwani 65,536 kwa wakati mmoja. Wahandisi walilitatua tatizo hilo kama karani wetu wa ushirika alivyolitatua. RAM iligawanywa katika kurasa 8, kuanzia 0 hadi 7, kila ukurasa ukiwa na baiti 16,384. Anwani nazo ziligawanywa sehemu nne zenye ukubwa huohuo. Sehemu ya kwanza, kuanzia anwani 0, ni ya ROM. Ya pili, kuanzia 16,384, daima ni ukurasa wa 5, na humo ndimo ilimo picha ionekanayo katika televisheni. Ya tatu, kuanzia 32,768, daima ni ukurasa wa 2. Ya nne, kuanzia 49,152 hadi 65,535, ndiyo meza ya karani: ukurasa wowote kati ya 8 waweza kufunguliwa hapo.

Ili kugeuza ukurasa, programu hupeleka namba katika mlango wa 32,765. Biti tatu za kwanza za namba hiyo huchagua ukurasa. Ya nne huchagua picha ya kuonyeshwa, ya tano huchagua ROM, na ya sita, ikiwekwa 1, huufunga mlango huo hadi mashine ianzishwe upya. Lakini mlango huo ni wa kuandikia tu; hausomeki. Prosesa haiwezi kuuliza, “Ni ukurasa gani ulio wazi sasa?” Kwa sababu hiyo nakala ya namba iliyopelekwa mwisho huwekwa katika anwani 23,388. Nakala hiyo ndiyo karatasi iliyobandikwa ukutani.

Kengele nayo ipo. Mara 50 katika kila sekunde mashine humkatiza prosesa kazi yake, akaenda kutekeleza programu fupi, mathalani ya kutazama kibonye kilichobonyezwa au kupiga muziki, kisha akarudi pale alipoachia. Tendo hilo huitwa katizo.

Maagizo ya kufungua ukurasa wa 3 kwa usalama ni machache:

LD A,(23388)
AND 248
OR 3
LD BC,32765
DI
LD (23388),A
OUT (C),A
EI

Agizo la kwanza huchukua nakala ya namba ya zamani. La pili hufuta biti tatu za ukurasa na kuziacha nyingine kama zilivyo. La tatu hutia 3. La nne hutaja mlango. DI huzuia makatizo. Kisha nakala huandikwa, namba hupelekwa mlangoni, na EI huyaruhusu makatizo tena. Ni mistari minane tu, na bado ndani yake mna nafasi ya makosa yawezayo kumfundisha kijana mengi.

Makosa manne

Kosa la kwanza ni la rundo. Prosesa anapoitwa kutekeleza sehemu ya programu, huweka anwani ya kurudia katika rundo, mfano wa mtu aachaye alama njiani. Katika mashine hii lugha ya BASIC huliweka rundo hilo, mashine ikiwashwa, chini tu ya anwani 65,367, yaani ndani ya sehemu ile ile ya nne inayogeuzwa. Programu ikiitwa kutoka BASIC na kugeuza ukurasa, alama za njiani huondoka pamoja na ukurasa uliofungwa. Agizo la kurudi husoma baiti mbili za ukurasa mwingine na kuzifuata kama kipofu. Ukurasa mpya ukiwa na sufuri tupu, anwani ya kurudia yasomeka 0, na mashine huanza upya kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa. Dawa yake ni amri moja ya BASIC, CLEAR 32767, ambayo hulishusha rundo mahali pasipogeuzwa. Lakini mwanafunzi asiyejua rundo liko wapi ataikagua programu yake usiku kucha asione kosa, kwa maana programu yenyewe haina kosa.

Kosa la pili ni la mtu kukata tawi alilolikalia. Programu yenye kugeuza ukurasa imewekwa yenyewe juu ya anwani 49,152. Agizo la OUT likishatekelezwa, agizo linalofuata halipo tena. Mahali pake pana kitu kingine kabisa.

Kosa la tatu ni la ukurasa wenye milango miwili. Ukurasa wa 5 daima unaonekana kuanzia anwani 16,384. Mtu akiufungua pia katika sehemu ya nne, anachoandika katika anwani 49,152 huonekana papo hapo katika anwani 16,384, yaani katika picha. Data zake hugeuka vitone na mistari katika televisheni. Kosa hili lina huruma kuliko mengine, kwa kuwa hujionyesha.

Kosa la nne ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lifaalo kuzungumzwa kwa kirefu. Ichukuliwe kwamba muziki umo katika ukurasa wa 4, na programu ya katizo hufungua ukurasa huo mara 50 kwa sekunde, ikapiga sauti, kisha ikaurudisha ukurasa uliotajwa na nakala. Mwanafunzi ameandika maagizo yake bila DI, tena kwa mpango uliopinduka: ametanguliza OUT, ndipo akaandika nakala. Mara nyingi hapana dhara. Lakini katizo likiangukia kati ya maagizo hayo mawili, ukurasa ulio wazi ni wa 3 na nakala bado yasema 0. Programu ya muziki hufungua ukurasa wa 4, ikamaliza kazi yake, ikasoma nakala, na kuurudisha ukurasa wa 0. Kisha prosesa hurudi alipoachia na kuandika 3 katika nakala. Sasa karatasi yasema 3 na daftari lililo mezani ni la 0. Kila kitakachoandikwa kitaharibu ukurasa wa 0.

Na baada ya sehemu moja ya 50 ya sekunde hutokea jambo la kustaajabisha. Katizo lingine huja. Programu ya muziki husoma nakala, ikaona 3, na kuufungua ukurasa wa 3 inavyostahili. Kosa limejiponya lenyewe! Mchunguzi akija kutazama, nakala na ukurasa vinapatana. Kinachobaki ni uharibifu katika ukurasa wa 0, ambao katika muda huo mfupi waweza kufikia karibu baiti 3,000 iwapo programu ilikuwa ikinakili data.

Hesabu ya kosa lisilotokea kila mara

Mwalimu wa hisabati ana la kufundisha hapa. Saa ya mashine hii hupiga mapigo 3,546,900 kwa sekunde, na kati ya katizo moja na jingine mna mapigo 70,908. Agizo la OUT huchukua mapigo kama 12. Katizo likifika ndani ya mapigo hayo, prosesa hulipokea agizo hilo linapokwisha, yaani pale pale penye hatari. Gawanya 70,908 kwa 12: jibu ni kama 5,900. Basi kila ukurasa unapogeuzwa, nafasi ya kosa kutokea ni takriban moja katika 5,900.

Programu ikigeuza kurasa mara 100 kwa sekunde, kosa litatokea kwa wastani kila baada ya dakika moja hivi. Ikigeuza mara moja tu kwa sekunde, wastani huwa saa moja na dakika 38. Mwanafunzi atakayeijaribu programu hiyo kwa dakika tano huenda akaiona nzima kabisa, akaipeleka kwa mwalimu, akapewa alama zote. Hapa ndipo mahali pa kumfundisha jambo ambalo vitabu vingi hulitaja bila kulionyesha: kwamba jaribio lililofaulu mara 300 halithibitishi kuwa hapana kosa, na kwamba namna ya kuwa na hakika ni kuelewa sababu. Anayeelewa ataona mara moja kuwa kupanga upya mistari miwili kwatosha. Nakala ikiandikwa kwanza, katizo likija katikati, programu ya muziki itafungua ukurasa wa 3 mapema kidogo, nayo OUT itaufungua tena bila dhara. Karatasi kwanza, daftari baadaye. DI na EI huongeza usalama juu ya usalama.

Namna ya kusaka

Maurice Wilkes wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyeongoza utengenezaji wa kompyuta ya EDSAC mwaka 1949, alieleza katika kumbukumbu za maisha yake jinsi alivyotambua mapema kuwa sehemu kubwa ya umri wake ingepita katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Kama bingwa wa namna hiyo hakuona aibu, hapana sababu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu kuona aibu. Linalotakiwa ni utaratibu.

Kwanza, kosa na lirudiwe. Kosa lisiloweza kurudiwa ni uvumi. Katika mfano wa muziki, mwanafunzi aongeze kasi ya kugeuza kurasa ili kosa la saa nzima liwe kosa la dakika moja.

Pili, kisichosomeka kitafutiwe njia ya kusomeka. Mlango wa 32,765 hausomeki, lakini mwanafunzi aweza kuandika katika baiti ya kwanza ya kila ukurasa namba ya ukurasa huo: 0 katika wa 0, 1 katika wa 1, na kuendelea. Baada ya hapo, kusoma anwani 49,152 kutamjulisha ni ukurasa gani ulio wazi, liseme nini karatasi la ukutani. Namba mbili zikitofautiana, kosa limekamatwa likiwa kazini. Hivyo ndivyo mtu wa fizikia apimavyo joto asiloliona kwa urefu wa zebaki anaouona.

Tatu, ziwekwe alama za njiani. Mashine hii ina mlango mwingine, wa 254, unaobadili rangi ya ukingo wa picha. Zipo rangi 8. Programu ikiweka rangi moja kabla ya kugeuza ukurasa, nyingine baada ya kugeuza, na ya tatu baada ya kurudi, basi rangi iliyobaki mashine inapokwama yasema kosa limetokea baada ya hatua gani.

Nne, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikwe pamoja na matokeo yake. Mwanafunzi anayebadili vitu vitatu kisha kosa likatoweka hajatatua chochote, amepoteza ushahidi.

Ni dhahiri kwamba huo ndio utaratibu wa sayansi yenyewe: kuona, kukisia sababu, kutabiri, kujaribu, kuandika, na kukubali kushindwa na ushahidi. Tofauti ni kwamba katika maabara ya kemia jaribio hugharimu dawa na vyombo, na mwalimu hulazimika kulifanya mara moja mbele ya wanafunzi 60. Kusaka kosa katika kumbukumbu hakugharimu ila umeme kidogo, karatasi na saburi, na kila mwanafunzi aweza kurudia mara 100.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kuwa mashine hii imekwisha kufa. Ni kweli kwamba haitengenezwi tena, na mwaka 2024 Zilog ilitangaza kusimamisha utengenezaji wa prosesa ya Z80 ya namna ile ya awali, baada ya miaka 48. Lakini wazo la kurasa halikufa. Lilianza kabla ya Z80, katika kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, na leo limo ndani ya kila simu na kila kompyuta, ambamo anwani ya programu na mahali halisi pa kumbukumbu ni vitu viwili mbalimbali. Tofauti ni kwamba leo wazo hilo limefunikwa. Katika mashine ya biti 8 liko wazi, na mwanafunzi aligusa kwa mkono wake.

Wengine watauliza mashine hizo zitapatikana wapi. Haihitajiki kununua hata moja. Ziko programu za bure zinazoiga ZX Spectrum 128 kwa usahihi mkubwa, mathalani ile iitwayo Fuse, nazo hufanya kazi katika kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi. Kampuni ya Amstrad, iliyonunua haki za kompyuta za Sinclair mwaka 1986, ilitoa ruhusa mwaka 1999 kwamba ROM zake zisambazwe bila malipo pamoja na programu za namna hiyo. Programu ikishanakiliwa katika kijiti cha kumbukumbu, intaneti haihitajiki tena. Kwa shule iliyo zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, jambo hilo si dogo.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi: kwamba vijana wahitaji ajira, na hapana mwajiri anayetafuta mtaalamu wa Spectrum. Hapa inafaa historia ikumbukwe. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Sababu zilikuwepo: fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mashine zilizonunuliwa hazikuwa zimeleta faida iliyotarajiwa. Lakini marufuku hiyo ilitangulia zama za kompyuta za nyumbani, na miaka ya 1980, watoto wa Uingereza walipokuwa wakichokonoa kumbukumbu za mashine zao mezani pa chakula, wenzao wa Tanzania, isipokuwa wachache, hawakuziona. Kizazi kizima kilizipokea kompyuta baadaye, zikiwa zimekwisha kufungwa na kupambwa, kama vyombo vya kutumia na si vya kufungua. Leo hapana sheria inayomzuia kijana wa Karagwe kufungua. Kinachomzuia ni mtaala unaomtosheleza kwa kubonyeza. Mwajiri hatamwuliza habari za mlango wa 32,765. Atamwuliza kwa nini hesabu za jana hazipatani na za leo, na hapo ndipo aliyezoea kusaka atatofautiana na aliyezoea kubonyeza.

Yanayoweza kufanywa

Somo hili laweza kuanza bila mashine yoyote. Mwalimu wa Nyabiyonza na achukue madaftari manane ya mazoezi, meza moja, kipande cha karatasi ukutani na kengele. Mwanafunzi mmoja awe prosesa, mwingine asome maagizo, wa tatu apige kengele wakati wowote apendao. Darasa lote litaona kwa macho jinsi kengele iliyopigwa kwa saa mbaya inavyopeleka kilo 60 kwa mtu asiye mwenyewe. Baada ya hapo ndipo programu ya kuiga mashine ifunguliwe, na mwalimu apande kosa moja kwa siri ndani ya programu nzima, awape wanafunzi wiki moja.

Kazi hiyo isahihishwe kwa haki. Alama nyingi ziende kwa taarifa ya msako: mwanafunzi alikisia nini, alijaribu nini, ni kisio gani lilikataliwa na ushahidi. Anayelipata kosa kwa bahati asimzidi aliyelikosa kwa utaratibu. Baraza la Mitihani nalo laweza kusaidia kwa kutunga swali moja linalompa mtahiniwa programu fupi yenye kosa na kumtaka aeleze hatua za kulitafuta. Shule hufundisha kinachoulizwa.

Tena maelezo hayo yaruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili. Kosa gumu hueleweka kwanza katika lugha anayofikiri nayo mtu, na maneno ukurasa, anwani, nakala na rundo yanatosha kulieleza kosa lolote lililotajwa hapa.

Vyama vya ushirika, hospitali na halmashauri vinaendelea kuhamisha madaftari yao kuingia katika kompyuta, na karani wa kalamu na wino anaondoka pamoja na kabati lake. Mstari wa 412 haujaondoka. Siku kilo 60 za mkulima zitakapoonekana katika jina la mwingine, mashine itasema kwa utulivu kuwa kila kitu ni sawa, kama alivyosema karani. Atahitajika mtu atakayekaa chini, asikubali neno la mashine wala neno la mkulima bila ushahidi, na kuuliza swali moja la kwanza: ni daftari gani lililokuwa wazi wakati ule? Inafaa mtu huyo awe amejifunza kuliuliza akiwa bado shuleni, na ni vema zaidi akitoka jirani na mkulima huyo.